Galaksi ya Moyo Mweusi

Bwenini
3 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima huko juu mlimani. Mimi sijambo, ila nimekasirika kidogo. Mwalimu wa Lugha ametufundisha kwamba barua njema haianzi kwa hasira, ndiyo maana nimeanza kwa shikamoo.

Nilikuandikia Desemba barua ya kurasa nne. Ukanijibu hivi, nanakili neno kwa neno: "Nimeipata. Kuna mawingu. Nitaandika." Shangazi, hiyo si barua. Hiyo ni taarifa ya hali ya hewa.

Naomba nianze upya, maana nadhani ya kwanza uliisoma umesimama. Ulipokuja likizo ulituambia kwamba hapo kituoni kwenu mnaitazama galaksi moja kwa mwanga ambao macho hayauoni. Baba akasema, "Sasa mnautazama vipi?" Wewe ukacheka, mama akaleta chai, na swali likafia hapo. Mimi sikulisahau. Nimelichagua liwe kazi yangu ya maonyesho ya sayansi mwishoni mwa Machi.

Si maonyesho tu, Shangazi. Mwezi Aprili Makamu wa Mkuu wa Shule anatugawa, wa mchepuo wa sayansi huku na wa sanaa kule. Kwa sababu ya alama zangu za hesabu za muhula uliopita, jina langu ameliweka sanaa. Kwa penseli, lakini ameliweka. Baba anasema sanaa nayo ni kazi, hata mawakili wanakula wakashiba. Najua wanashiba. Mimi nataka fizikia.

Mwalimu wa Fizikia ndiye peke yake anayeweza kumfanya Makamu afute penseli yake. Tunamwita Mizani, kwa sababu kila jibu lako hulipima kwanza kabla ya kukuambia kwamba limepungua. Nilipomwendea alinitazama sana, akasema, "Nionyeshe kwamba unajua kufikiri, si kunakili. Halafu tutaona." Hiyo "tutaona" ndiyo tegemeo langu lote.

Kwa hiyo nakuomba picha ya hiyo galaksi, na maelezo. Simu huku ni marufuku, unajua, kwa hiyo usiseme utanipigia.

Mwanao,
Bi Kwa Nini
(jina ulilonipa mwenyewe, kwa hiyo usichoke nalo)


Kituoni
14 Februari

Bi Kwa Nini,

Marahaba, na pole. Gari la mahitaji hushuka mara moja kwa wiki, na dereva wake akikuta barua hazijafungwa anaziacha. Ile ya Desemba niliiandikia juu ya boneti akiwa ameshawasha injini. Usinune.

Unauliza tunautazama vipi. Haya. Weka kiganja karibu na pasi iliyotoka kuchomolewa. Haing'ai, lakini kiganja chako kinajua iko wapi. Ule ni mwanga, mwanangu, ila jicho halina habari nao. Unaitwa infraredi. Sisi tuna kamera inayouona.

Na kwa nini tuhangaike? Kwa sababu galaksi imejaa vumbi. Kwa mwanga wa kawaida vumbi linaziba, kama pazia zito. Galaksi hii tunayoichunguza ukiitazama hivyo unaona mikono yake ikijizungusha vizuri, lakini katikati ni fujo tupu, huelewi kitu. Infraredi inapenya vumbi. Ukipenya unakuta katikati kuna upau, yaani nyota chungu nzima zimejipanga mstari kama boriti, na mikono inaanzia kwenye ncha zake. Kuna watu wazima wenye miwani waliobisha miaka mingi kwamba upau huo haupo.

Sasa sikiliza kinachonizeesha. Kila kitu chenye joto kinatoa infraredi. Anga linang'aa lote, kila upande! Darubini yenyewe inang'aa. Mimi nikikohoa karibu nayo nang'aa. Ni kama kutafuta kiberiti kilichowashwa uwanjani saa sita mchana. Kamera inabidi ikae ndani ya baridi kali, na mwenzangu mmoja, tunamwita Bwana Baridi, kazi yake ni kuimiminia naitrojeni ya kimiminika na kutugombeza tusiache mlango wazi. Halafu nusu ya muda wetu hatuitazami galaksi kabisa. Tunageuza darubini pembeni, mahali pasipo na kitu, tunapiga picha ya patupu hapo, kisha tunaitoa patupu hiyo kwenye picha ya galaksi. Kinachobaki ndicho chako. Mkurugenzi alipoona ratiba yangu aliniuliza kwa nini natumia nusu ya muda wa serikali kupiga picha pasipo na kitu.

Mawingu yakiondoka nitakutumia picha. Yasipoondoka nitakutumia mawingu.

Shangazi yako


Bwenini
22 Februari

Shangazi,

Shikamoo na asante. Barua yako nimeisoma mpaka Kasuku, anayelala kitanda cha juu yangu, ameikariri kwa kunisikia. Sasa mtu akimsogelea anasema, "Niondokee, unang'aa!"

Lakini picha haimo, Shangazi. Mizani ameniuliza mara ya pili. Nilimweleza habari za pasi, akapima, akasema, "Maelezo ni mazuri. Ya shangazi yako. Yako yako wapi?" Nawezaje kufikiri juu ya kitu nisichokiona? Nimetafuta maktaba. Kuna kitabu kimoja chenye picha ya galaksi, na mtu ameikata kwa wembe, limebaki dirisha tu.

Wenzangu wameshaanza. Kasuku anachuja maji kwa mchanga na mkaa. Wengine wana volkano, kama kawaida, siki na magadi, povu, makofi. Mimi nina ubao mtupu wa plaiwudi ulioegeshwa ukutani maabara, na kila anayepita anauliza, "Hiyo ndiyo galaksi?"

Tafadhali fanya haraka. Nasema tafadhali kwa adabu, lakini ndani yake kuna kelele.

Mwanao,
Bi Kwa Nini


Kituoni
6 Machi

Picha hiyo hapo. Anga lilifunguka siku tatu, sijaoga, sijala sawasawa, na Mkurugenzi anataka ripoti leo leo. Upau utauona wazi katikati, huwezi kuukosa. Hii ndiyo bora tuliyopata tangu tuanze, kwa hiyo usiikunje. Dereva anapiga honi.

Shangazi


Bwenini
15 Machi

Shangazi wangu,

Shikamoo! Nisamehe kelele zote za barua iliyopita. Picha imefika bila kukunjwa. Niliitoa kwenye bahasha mbele ya Mizani, maabara, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakupima. Alisema tu, "Ala!"

Ulisema nitauona upau na kweli nimeuona: mweusi ti, katikati kabisa, na mikono miwili myeusi inaanzia kwenye ncha zake inajizungusha hadi inafifia. Na kote kuzunguka ni nyeupe. Mwanzoni nilishangaa, anga gani jeupe? Halafu nikarudi kwenye barua yako: anga linang'aa lote, kila upande. Nikaelewa mwenyewe, hakuna aliyeniambia. Weupe ni lile joto la anga mnalohangaika nalo, na weusi ni vumbi linaloziba. Mizani aliuliza, "Sasa hizo nyota za upau ziko wapi?" Nikamjibu, "Zimo ndani, Mwalimu, vumbi limezifunika, limekaa kwa umbo lao." Akasema, "Hapo sasa umefikiri." Shangazi, nilitaka kuruka.

Kazi imekwenda vizuri tangu hapo. Nimeupaka ubao chokaa uwe anga. Galaksi nimeitengeneza kwa pamba, na kuitia weusi tumetumia masizi. Mizani mwenyewe alikunja mikono ya shati, akashika kigae juu ya moto wa koroboi mpaka kikajaa masizi, akayapangusa na kunipa. Upau una unene wa mkono wangu. Juu nimeandika kwa herufi kubwa GALAKSI YA MOYO MWEUSI, na chini maelezo ya vumbi, kwa maneno yangu, siyo yako. Kasuku anasema inafanana na sufuria iliyosahauliwa jikoni. Ni wivu. Mchanga wake unavuja.

Maonyesho ni Jumamosi ya tarehe 28. Mizani ameshamwambia Makamu aje kwenye meza yangu.

Sihitaji kitu kingine, Shangazi. Nilitaka tu ujue kwamba nimefaulu kuelewa.

Mwanao,
Bi Kwa Nini


Kituoni
22 Machi

Mwanangu,

Nimeisoma barua yako nikiwa natembea, nikasimama, nikarudi nyuma nikakaa. Bwana Baridi aliniuliza kama kuna msiba.

Hapana, hapana, hapana. Nyeusi si vumbi. NYEUSI NDIYO MWANGA.

Sisi huku tunachapisha picha kinyume. Penye mwanga mwingi panakuwa peusi, penye giza panakuwa peupe. Kila mtu wa kazi hii anafanya hivyo, kwa sababu kitu hafifu ukikichapa cheusi juu ya karatasi nyeupe jicho linakikamata, ukikichapa kinyume chake kinapotea. Nimefanya hivyo miaka mingi kiasi kwamba hata sikukumbuka kuna watu wanaotarajia nyota ziwe nyeupe! Hilo anga jeupe lako ni giza. Joto lake ndilo tulilolitoa kwa zile picha za patupu, nilikueleza, nilikueleza, kinachobaki ndicho chako! Na huo upau uliouziba kwa masizi ya koroboi ndiyo sehemu inayong'aa kuliko zote. Mmechukua kitu kinachowaka mkakipaka masizi.

Kwa nini hukuniuliza? Wewe unayeuliza mpaka dereva wetu anajua jina lako! Maswali yote hayo tangu utotoni, kwa nini mwezi unatufuata, kwa nini sabuni ya kijani ina povu jeupe, halafu siku swali linapohitajika unaniandikia "sihitaji kitu kingine". Na huyo Mizani wenu anapima nini kama hajui kuuliza picha imechapwa vipi?

Na mimi. Nilikuwa na nafasi chini ya karatasi ile. Sentensi moja ingetosha. Nikaandika habari za kuoga.

Leo ni Jumapili na gari linashuka Jumatano. Nimemwomba dereva aifikishe barua hii mwenyewe, asiiache posta. Kanuna. Ikikufikia kabla ya Jumamosi geuza kila kitu, weupe uwe weusi. Ubao ni ule ule, umbo ni lile lile, uliona sawasawa. Ulisoma tu kinyume.

Shangazi yako asiye na akili


Bwenini
30 Machi

Shangazi,

Shikamoo.

Dereva alifika Ijumaa jioni. Mlinzi alimkatalia getini kwa kuwa hakuwa na kibali cha wageni, wakabishana, barua ikapitishwa chini ya geti. Niliisoma nikiwa nimesimama mbele ya ubao wangu.

Nilijaribu kugeuza, nataka ujue hilo. Nilipaka chokaa juu ya masizi. Ilitoka rangi ya kijivu kama maji ya kufulia, kwenye ncha moja tu ya upau, nikaacha. Pamba nyingine hakuna. Nikampelekea Mizani barua yako. Sikujua kama nifunike ile sehemu inayomsema, nikaiacha wazi, samahani. Aliisoma yote. Akairudisha, akasema, "Acha ubao ulivyo. Waamuzi hawatajua. Nenda ukalale." Nikasema, "Lakini Mwalimu, si kweli." Akasema, "Nimekwambia nenda."

Sikujua nimkasirikie nani. Wewe ulisahau sentensi moja. Yeye alisahau swali moja. Mimi ndiye niliyeandika kwa herufi kubwa.

Jumamosi walikuja mzee mmoja wa ofisi ya elimu na mama mhandisi wa maji, Makamu akiwafuata. Mizani alisimama nyuma yangu. Mzee akasema, "Hee! Hii imependeza. Na hiki cheusi katikati ni nini, binti?"

Nilikuwa nimekariri maelezo ya vumbi, Shangazi. Yalikuwa yanatoka vizuri kabisa nikiyasema bafuni. Mizani akakohoa. Nikasema, "Mzee, hapo palipo peusi ndipo penye mwanga kuliko pote."

"Mbona hapa umeandika vumbi?"

"Ni makosa. Picha imesomwa kinyume."

Yule mama mhandisi akainama karibu. "Imesomwa na nani?"

Nikasema, "Na mimi."

Halafu nikawaeleza kama ulivyonieleza, pasi, pazia, picha za patupu, yote, nikiwa nanyooshea kidole ubao unaosema jambo jingine. Mzee alitazama ubao, akanitazama mimi, akatazama ubao. Akamuuliza Makamu, "Sasa hapa tunatoa alama za ubao au za maneno?" Makamu akasema sheria ni ubao. Wakaenda kwenye volkano.

Kasuku ndiye wa kwanza. Mchanga wake haukuvuja siku hiyo. Nilimpigia makofi kwa moyo, ila baadaye.

Mizani hajasema nami tangu Jumamosi. Darasani ananipita na macho kama dawati lisilo na mtu. Nadhani "tutaona" yake imekwisha.

Usijibu kama una kazi.

Bi Kwa Nini


Ofisi ya Walimu
Jumatano, 15 Aprili

Kwa Bibi Mtaalamu wa Kituo cha Darubini,

Salamu.

Barua yako ya kurasa tatu imenifikia. Nashukuru kwamba safari hii umepata nafasi ya kuandika kwa kirefu. Mle ndani umeniuliza kama mizani yangu ina mawe au nakisia kwa mkono, na umesema kwamba nikimwacha mtoto wa kaka yako aende sanaa kwa kosa ambalo ni lako na langu, utashuka kwa gari la mahitaji uje kusimama mlangoni pangu. Naomba usije. Mlinzi wetu bado anamsimulia kila mtu habari za dereva wako.

Nakubali kwamba sikuuliza picha imechapwa vipi. Nawe kubali kwamba mtu anayempelekea mtoto wa shule picha iliyogeuzwa, bila neno hata moja, amejitakia. Hapo tumelingana, na sitaki kuandikiana zaidi juu yake.

Lakini kwa kuwa umenituhumu kwamba nimemnunia, nitakueleza. Sikumnunia. Nilikosa uso wa kumtazama. Nilimwambia anyamaze, hakunyamaza, na hilo peke yake ningelimaliza kwa adhabu ya kufagia maabara. Tatizo ni kwamba alipoulizwa nani alikosea, alisema, "Mimi." Angeweza kugeuka tu, nilikuwa hatua moja nyuma yake, na masizi yale niliyatengeneza kwa mikono yangu na Makamu aliniona. Hakugeuka. Nimefundisha muda mrefu, Bibi. Wanafunzi wanaojua jibu ninao wengi, wananichosha. Wa kubomoa jibu lake mwenyewe mbele ya watu, huku limeandikwa kwa herufi kubwa juu ya kichwa chake, sijampata mwingine.

Jumatatu nilikwenda kwa Makamu. Akaniambia alama za hesabu hazitoshi. Nikamwambia hesabu nitamfundisha mimi mwenyewe, jioni, bure, mpaka mmoja wetu azimie. Akaniambia ubao wake ulikuwa wa makosa. Nikamwambia ubao ulikuwa wangu. Tulivutana hadi kengele ya chakula. Mwishowe alitoa kifutio mezani, akafuta, akaliandika jina upya upande wa pili, kwa kalamu ya wino.

Mtoto mwenyewe hajui. Orodha inabandikwa Ijumaa. Tafadhali usitafute njia ya kumwambia kabla; aisome mwenyewe. Katika jambo hili lote ameshasomewa vya kutosha na watu wazima.

Mwalimu wa Fizikia


Bwenini
Alhamisi, 16 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Nilikwambia usijibu, na kweli hukujibu, na sasa nimekasirika kwamba hukujibu. Najua si haki. Naandika hivyo hivyo.

Nina swali. Kasuku amesoma mahali kwamba hata galaksi tunayokaa sisi ina upau katikati. Nimelifikiria siku nzima hata wakati wa kufua. Ile yenu mnaitazama kutoka mbali, mnaiona yote kwa mara moja. Hii yetu tumo ndani yake, na vumbi lake liko kati yetu na huo upau. Mtu aliyefungiwa chumba kimoja anajuaje nyumba nzima ina umbo gani? Naona kama jibu lazima liwe infraredi tena, kupenya ukuta, lakini ukishapenya unaona nyota tu, zote zimerundikana mbele yako. Utajuaje zipi ziko karibu na zipi ziko mbali? Nimechora michoro mitatu na yote imekataa. Naambatanisha wa tatu, ndio uliokataa kidogo. Niambie nimekosea wapi, na usiogope kusema.

Nimeamua kwamba hata wakiniweka sanaa nitaendelea kukuandikia mambo haya. Hakuna sheria inayokataza. Baba ameandika kwamba mawakili wanapaswa kuuliza maswali mengi, nadhani alikuwa ananifariji.

Mizani leo amesimama kwenye dawati langu. Nilidhani ataniambia kitu. Aliuliza kama nina rula na bikari, nikasema ninayo rula tu, akasema, "Tafuta bikari," akaenda zake. Sijui anaitakia nini.

Orodha inabandikwa kesho baada ya kipindi cha kwanza, kwenye ubao wa matangazo nje ya ofisi. Wasichana watasukumana kama kawaida. Mimi nitasubiri wapungue. Nimeshajipanga: nitaanza na orodha ya sanaa, taratibu, jina kwa jina, kutoka juu mpaka chini kabisa, ili nisijidanganye.

Mwanao,
Bi Kwa Nini